Msichana au Wimbo

Winifred Pryce aliisimamisha mashine kwa kiganja, kama mtu anayemziba mwenzake mdomo asitoboe siri.

Mkanda ukakoroma, ukanyamaza. Kwenye kioo kidogo cha mashine, mwanamke aliyevaa koti la manyoya alibaki ameganda kwenye jukwaa la stesheni, mkono juu, akimuaga mwanamume aliyekuwa akipanda treni. Hiyo ndiyo sehemu ya filamu ambayo Winnie alipewa aikate na kuiunga kabla ya kesho. Alikuwa ameitazama mara nyingi hata akaichoka. Kilichomshtua leo hakikuwa picha. Kilikuwa mkanda wa pili, ule wa muziki, ulioletwa asubuhi ile kutoka ukumbi wa kurekodia.

Akaurudisha nyuma, akauachia tena.

Fidla zikaanza chini kabisa, kama pumzi za mtu aliyelala. Zikapanda polepole, zikasita, halafu zikashukia upande ambao sikio halikuutarajia.

Ulikuwa wenyewe. Hakuukosea.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Wimbo wa Mama."

Baba yake, mzee Emlyn Pryce, aliutunga wimbo ule msimu ambao kifua cha mkewe Maud kilikuwa kikimmaliza. Alimpigia Maud kando ya kitanda mpaka alipofumba macho kwa mara ya mwisho. Hakuuandika popote. Kwa Winnie, duniani walikuwepo watu watatu tu walioujua: mmoja amelala makaburini Boyle Heights, wa pili ni mzee mwenyewe, aliyetundika fidla yake ukutani siku majumba ya sinema yalipoanza kuonyesha filamu za sauti na kuwafukuza wapigaji wao, wa tatu ni yeye, Winnie, ambaye tangu mazishi hakuwahi kuuimba hata akiwa bafuni peke yake.

Na sasa wimbo huo uko ndani ya filamu, unapigwa na okestra nzima. Na aliyeandika muziki wa filamu hiyo ni Tibor Halmos.

Tibor wake. Mhungari mwenye macho ya kijivu na kicheko kinachochelewa kidogo, kana kwamba kila mzaha lazima kwanza autafsiri kichwani. Mwanamume aliyemfanya Winnie apende hata harufu ya gundi ya kuungia filamu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mikononi mwa Winnie siku Tibor alipombusu kwa mara ya kwanza. Lakini majuma haya mawili Tibor alikuwa amebadilika. Akiitwa chakula cha mchana, ana kazi. Akishikwa mkono, anautazama ule mkono wa Winnie kama kitu cha kuazima ambacho mwenyewe atakuja kukidai. Na mara mbili Winnie alimwona akinong'onezana na yule mpiga kinubi, Delphine Aucoin, mwenye shingo ndefu na hereni za lulu. Walipomwona, walinyamaza.

Kikulacho ki nguoni mwako. Winnie alilihisi neno hilo likimkaa kooni kama mfupa wa samaki.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa yeye, tai imelegea, penseli sikioni.

"Winnie! Umeshausikiliza? Unaonaje?"

"Mzuri."

"Mzuri tu? Watu arobaini wamenitolea jasho, wewe unasema mzuri, kama unayesifia chai ya mgonjwa?"

Winnie hakucheka. "Umeutoa wapi, Tibor?"

"Nini?"

"Huu wimbo. Umeutoa wapi?"

Tibor akatabasamu, lakini macho yake yalikwenda kwenye mashine, kisha mlangoni. "Sasa unaongea kama Bwana Gradwohl."

Kweli, ndilo lilikuwa swali la mkuu wa studio. Bwana Gradwohl hakuruhusu muziki kwenye filamu zake mpaka mpigaji aonekane. Alikuwa akisema watu wa kwenye viti si wajinga. Wakisikia fidla watauliza mwenye fidla yuko wapi. Ukitaka muziki wapenzi wanapobusiana, sharti umweke ombaomba na fidla yake chini ya dirisha, au redio mezani. Na stesheni ile haikuwa na ombaomba wala redio. Tibor alikuwa amerekodi muziki wake kwa kujificha, kwa kutumia wapigaji waliobaki bila kazi baada ya filamu za nyimbo kukosa watazamaji, na kesho saa nane mchana mkuu angeusikia kwa mara ya kwanza. Akiukataa, Tibor yuko barabarani, na wale arobaini pamoja naye.

"Usinizungushe," Winnie alisema. "Nimekuuliza kwa adabu."

"Wimbo ni wimbo, mpenzi. Nyimbo zinaokotwa. Zinaelea hewani."

"Huu hauelei hewani. Huu ulikuwa chumbani kwa mama yangu."

Rangi ilimtoka Tibor usoni. Akachukua penseli kutoka sikioni, akaigeuzageuza vidoleni.

"Winnie, nakuomba. Subiri kesho ipite."

"Kwa nini kesho? Kesho kuna nini ambacho leo hakipo?"

"Nakuomba tu."

Akatoka. Akauacha mlango wazi, na Winnie akasikia hatua zake zikienda haraka kuliko za mtu asiye na hatia.

*

Ukumbi wa kurekodia ulikuwa umetandikwa mablanketi mazito kutani ili sauti isirudi. Wapigaji walikuwa wamekwenda kula. Delphine Aucoin peke yake alikuwa amebaki, anakaza nyuzi za kinubi chake huku ganda la chungwa likiwa limetandazwa kwenye skafu mapajani.

"Karibu, mdogo wangu," alisema bila kuinua macho. "Umemkosa. Ametoka sasa hivi."

"Sikuja kwake. Nimekuja kwako."

Hapo Delphine akainua macho. Yalikuwa mazuri, na hilo halikumsaidia Winnie hata kidogo.

"Ule wimbo wa stesheni. Wewe ndiye uliyempa Tibor?"

Delphine akaangua kicheko. "Mimi? Tulimpa sote! Siku ya kwanza tulikuwa tunapasha vidole, mtu akaanza, mwingine akadakia, mara okestra nzima iko ndani. Mazoea hayo. Baadhi yetu humu tumetoka kwa mzee Pryce, kwenye lile shimo letu la wapigaji chini ya pazia la sinema, pale mtaa wa Broadway. Kila jioni kabla taa hazijazimwa, mzee alikuwa anatupigisha huo. Hukujua?"

Winnie alishika mgongo wa kiti. Miaka yote aliamini kile kitu ni chao watatu. Kumbe kila jioni mzee alikuwa akikitoa nje, akakigawa kwa wapiga tarumbeta na wapiga ngoma, halafu anarudi nyumbani kukipiga kando ya kitanda kana kwamba hakijaguswa na mtu.

"Sikujua," alisema.

"Tibor akasimama kama aliyepigwa na radi. Akatuuliza, huu wa nani? Tukamwambia. Siku ile ile akavaa kofia akaenda kumwomba mzee." Delphine akachomoa kipande cha chungwa, akakiweka kinywani. "Kwa hiyo mzee alikubali mwishowe? Nashukuru. Maana lile sharti lake, aliloninong'oneza Tibor, lilikuwa zito."

"Sharti gani?"

Delphine akaacha kutafuna.

"Dada Delphine. Sharti gani?"

"Aa. Mimi na mdomo wangu." Akafuta vidole kwenye skafu, taratibu mno. "Mwulize mwenyewe, mdogo wangu. Nyumba yenu ina mlango wake. Mimi sipitii dirishani."

*

Alimkuta nyuma ya ukumbi, chini ya mikalitusi, amejiegemeza ukutani na sigara isiyowashwa.

"Ulikwenda kwa Baba," Winnie alisema.

Tibor alifumba macho. "Delphine."

"Mwache Delphine. Ulikwenda nyumbani kwetu, kwa mzee ambaye Jumapili tatu ulizokuja kula hakukupa hata mkono, ukamwomba wimbo wa marehemu mke wake. Mimi hukuniambia. Na akakupa sharti. Sharti gani, Tibor?"

"Winnie..."

"Ukiniita hivyo tena kabla hujajibu, naondoka."

Upepo ulipita juu yao, majani yakanukia dawa ya mafua. Tibor aliitupa sigara.

"Aliniambia: 'Mashine zenu zimenilia mkate, sasa mnataka na mifupa. Haya, kijana, nakupa nafasi. Chukua wimbo, umwache binti yangu. Au mchukue binti yangu, uuache wimbo. Vyote viwili hupati.'"

Winnie alijisikia akiuliza kwa sauti ya mtu mwingine kabisa. "Na wewe ukasema nini?"

Angeweza kudanganya. Baadaye, katika siku zote zilizofuata, Winnie alikuwa akilikumbuka hilo: kwamba uongo ulikuwa pale pale, mwepesi, naye Winnie asingeujua.

"Nilisema wimbo."

Winnie hakulia. Alitazama kifungo cha pili cha shati la Tibor, kile alichokishona yeye kwa uzi wa rangi isiyofanana.

"Usiku ule sikulala," Tibor alisema haraka. "Nilikuwa nimeupata muziki, Winnie, muziki ambao mwanamke anasema neno moja na moyo wake unasema lingine, na watu wanavisikia vyote viwili. Hakuna aliyefanya hivyo hapa. Nilisema moyoni, mapenzi yanapona, nafasi hairudi. Ndivyo nilivyosema, mimi ni mpumbavu. Kulipopambazuka nikarudi kwa mzee nikamwambia, baki na wimbo wako, mimi namtaka Winnie. Akanifungia mlango usoni."

"Ulirudi ukaukataa."

"Naapa."

"Na wimbo ukaingia kwenye mkanda wenyewe? Uliota miguu?"

Tibor akatazama viatu vyake.

"Nakuuliza!"

"Hilo sina ruhusa ya kulisema."

"Ruhusa ya nani?"

Macho yale ya kijivu yalimtazama kwa namna ya kumsihi, na moyo wake msaliti ukaruka, kama siku zote. Akauchukia ule moyo.

"Umeuza mtu, halafu huna ruhusa ya kutaja bei," Winnie alisema. "Hongera. Kesho saa nane utaona nitakachokileta. Mkasi ninao mimi."

*

Mzee Pryce alikuwa jikoni, anakata mkate wa zabibu vipande vyembamba kama karatasi, kama alivyofundishwa na mama yake huko Wales. Alikuwa mtu mrefu aliyepinda kidogo upande wa kushoto, kama mti uliozoea upepo mmoja.

"Umewahi leo," alisema. "Unaumwa?"

"Ulimwambia Tibor achague, Baba. Mimi au wimbo."

Kisu kikasimama.

"Mwanangu, kaa kwanza."

"Sikai. Mimi ni ng'ombe mpaka nipigiwe mnada mlangoni?"

"Nilitaka kumjua!" Mzee aliweka kisu chini. "Mtu ametoka huko atokako, hana mama hana shangazi, hatujui aliacha nini wala nani, anakuja na ua kwenye koti. Mtu wa namna ile unampima vipi? Nikampima kwa kile ninachokijua. Na akaanguka! Bila hata kumeza mate akasema wimbo."

"Na asubuhi?"

Mzee akageukia birika. Alipogeuka, jua la dirishani lilimpiga shingoni, na Winnie akaiona. Chini ya taya, upande wa kushoto: alama nyekundu, mbichi, kama ya kuumwa na mdudu. Utotoni alikuwa akiibusu alama ile. Kila mpiga fidla anayo. Lakini ya baba yake ilikuwa imekauka na kupotea tangu siku alipoitundika fidla na kuapa, mbele ya wenzake wote wa chama cha wapigaji, kwamba atakayewapigia wenye mashine mkono wake na ukauke.

Winnie akatazama ukutani. Fidla ilikuwa pale pale, imening'inia. Lakini vumbi halikuwepo.

"Baba," alisema polepole. "Nani amepiga ule wimbo kwenye filamu?"

Birika lilianza kupiga mluzi. Hakuna aliyelitoa motoni.

"Alirudi asubuhi," mzee alisema hatimaye, bado amempa mgongo. "Kweli alirudi. Macho mekundu kama amelia, kofia ameikunja kama kitambaa cha kufutia vyombo. Akasema, baki nao mzee, mimi namtaka Winnie. Nikamfungia mlango. Nikakaa kwenye kiti hiki. Nikajiambia, Emlyn, umeshinda. Halafu nikauliza, nimeshinda nini? Wimbo unakufa na mimi. Maud hakuwahi kuusikia ukipigwa na watu arobaini. Kule shimoni tulikuwa kumi na mmoja, na mmoja kiziwi." Sauti ikamkatika. "Nikapanda tramu. Nikaingia kwa mlango wa nyuma kama mwizi. Delphine alikuwa amekwenda kwa daktari wa meno, sikuonana naye, na wale wengine niliwaapisha wote. Nikamwambia kijana wako, ukimtajia Winnie kabla sijapata mdomo wa kumwambia mwenyewe, nitakuvunjia hii fidla kichwani."

"Kwa nini, Baba?"

"Kwa sababu niliwaita wenzangu wasaliti! Wanaume wenye watoto, walipokwenda kuomba kazi studio, niliwatemea mate. Sasa na mimi nimekwenda. Na Mungu anisamehe, mwanangu, nilifurahi. Nilifurahi kama mtoto."

Winnie alilitoa birika motoni. Alimshika mzee bega, akalibonyeza. Lakini kwenda kitandani alikwenda na neno moja tu, na lilimkera mpaka likamwibia usingizi: bila hata kumeza mate.

*

Siku ya pili, mlangoni mwa chumba cha kuonyeshea filamu, Tibor alikuwa amevaa tai mpya na uso wa mtu anayesubiri hukumu.

"Umeuweka?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Au umeukata?"

Winnie alipita na bati la mkanda kifuani. "Kaa utazame."

Safari hii ilikuwa zamu yake Tibor kutafuta jibu kwenye uso usiosema kitu.

Bwana Gradwohl aliketi mbele, mfupi, mnene, sigara kubwa mdomoni isiyo na moto. Taa zikazimwa. Treni ikaingia stesheni, ikatoa mvuke. Mwanamke wa koti la manyoya akamtazama mwanamume wake. Hakukuwa na muziki. Winnie alimsikia Tibor, kiti cha nyuma, akivuta pumzi na kuishikilia.

Mwanamke akasema, "Nenda salama. Sitakukumbuka."

Na hapo zikaja fidla. Winnie alikuwa ameusogeza mkanda. Muziki haukuanza tena na treni, ulianza baada ya lile neno, pale pale mwanamke alipogeuza uso. Chini kabisa, kama pumzi. Fidla moja ilitangulia zingine kwa unywele tu. Winnie sasa aliitambua kama anavyotambua kikohozi cha baba yake.

"Simamisha!" Bwana Gradwohl alinguruma. Taa zikawaka. "Wapigaji wako wapi? Stesheni gani hii ina okestra? Nani kafanya huu upuuzi?"

Tibor akasimama. "Mimi, bwana."

"Na mimi ndiye niliyeukata na kuuunga," Winnie alisema. Hakujua miguu yake ilisimama saa ngapi. "Bwana, naomba nikuulize. Yule mwanamke amesema nini?"

"Kiziwi wewe? Amesema hatamkumbuka."

"Na umemwamini?"

"Nimwamini wapi, muongo mkubwa yule! Anampenda mpaka mifupani, hata kipofu..." Bwana Gradwohl akaishia hapo. Sigara ikahama kutoka pembe moja ya mdomo hadi nyingine.

"Nani kakwambia, bwana?" Winnie aliuliza. "Maana yeye hakutamka."

Mkuu alitazama pazia jeupe, tupu, kama mtu aliyeibiwa akiwa macho na bado hajui mfukoni pamepungua nini.

"Rudisheni mwanzo," alisema. "Na mtu asikohoe."

*

Tibor alimkimbilia nje, hana pumzi, anacheka na macho yamejaa. "Amekubali! Filamu nzima, Winnie! Anataka filamu nzima! Ulivyousogeza pale, baada ya neno... mimi nisingewaza." Akanyoosha mikono. Ikabaki hewani, kwa sababu Winnie hakuijia.

"Baba ameniambia yote," alisema.

"Basi umejua sikukudanganya."

"Nimejua ulirudi. Nimejua pia kwamba ulipoulizwa, hukumeza hata mate." Sauti ilimtetemeka, akaikaza. "Nakupenda, Tibor. Hilo unalijua, na mapenzi ni kikohozi, sitajifanya. Lakini nitakuwa nakutazama ukilala, najiuliza akiulizwa tena, je? Siwezi kuishi hivyo."

"Niulize sasa."

"Sikuulizi mimi. Jumapili uje. Bila ua, bila muziki. Akuulize Baba, na mimi niwe nimekaa pale nikutazame macho."

Jumapili ile alikuja. Mzee Pryce mwenyewe ndiye aliyefungua, akasimama amejaza mlango wote, na Winnie akaja akasimama kando yake, mikono ameikunja kifuani.

"Kijana," mzee alisema. "Wimbo sasa ni wako, umeshapigwa, siwezi kuurudisha. Lakini kesho utapata mwingine mzuri zaidi, na keshokutwa mwingine. Vitu vya namna hiyo haviishi. Siku vitakapogongana na huyu binti, utachagua nini?"

"Winnie," Tibor alisema.

Alilisema kabla mzee hajafunga mdomo. Winnie alikuwa akiyatazama yale macho ya kijivu bila kupepesa, akitafuta mahali wasiwasi ungeweza kujificha. Alitafuta sana. Hakuridhika kutafuta mara moja, akarudia.

"Na mimi nikisema hapana?" mzee aliuliza.

"Nitarudi Jumapili ijayo, mzee wangu."

"Na hiyo nikikataa?"

"Najua ratiba ya tramu."

Mzee Pryce akamgeukia binti yake. Winnie alikuwa ameikunjua mikono. Machozi yalikuwa yakimtiririka, naye hakujisumbua kuyafuta.

"Mpe mkono, Baba," alisema. "Supu inapoa."